Hewa Tunayoivuta Dar es Salaam na Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wakazi wa Dar es Salaam na Nairobi huuliza mara tu mazungumzo yanapofika kwenye moshi, vumbi na kikohozi cha mtoto kisichopona. Majiji haya mawili hayafanani kwa hali ya hewa wala kwa sheria, lakini yanachoma vitu vilevile, na kwa sababu hiyo majibu mengi yanawahusu pia watu wa Kampala, Mombasa na Mwanza.

Moshi tunauona kila siku. Kuna nini zaidi ya hicho tunachokiona?

Lori linapopanda kilima likitoa wingu jeusi, kila mtu huziba pua, na pua yenyewe pamoja na koo hunasa sehemu kubwa ya chembe nene za vumbi na masizi kabla hazijafika mbali. Tatizo kubwa zaidi ni chembe ndogo ambazo wataalamu huziandika PM2.5, yaani zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizi hazinaswi puani. Huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, na zile ndogo kabisa hupenya zikaingia katika mzunguko wa damu. Popote panapotajwa vumbi laini katika majibu yanayofuata, ndizo hizo zinazokusudiwa.

Pamoja nazo zipo gesi: naitrojeni dioksidi inayotoka hasa kwenye injini, salfa dioksidi inayotokana na mafuta na makaa ya mawe yenye salfa, na kaboni monoksidi ya jiko la mkaa, ambayo haina harufu na ndiyo inayowaua watu wanaojifungia ndani na jiko usiku wa baridi. Ozoni ina tabia yake ya pekee, kwa kuwa haitoki kwenye bomba lolote. Huundwa hewani jua kali linapopiga gesi zilizotoka kwenye magari na viwanda, jambo lililoelezwa kwa mara ya kwanza Los Angeles na mkemia Arie Haagen-Smit miaka ya 1950.

Mimi sina pumu wala sikohoi. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu kifua si mahali pekee panapoumia, na huenda hata si mahali panapoumia zaidi. Sehemu kubwa ya vifo vinavyotokana na hewa chafu ni vya ugonjwa wa moyo na kiharusi, magonjwa ambayo familia huyahusisha na shinikizo la damu, umri au chumvi, na ambayo hakuna anayeyahusisha na barabara iliyopita mbele ya nyumba kwa miaka ishirini. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2013 ikaiweka humo hewa chafu ya nje kwa ujumla. Shirika hilo hukadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya ndani ya nyumba, zikichukuliwa pamoja, husababisha vifo vya mapema karibu milioni 7 kila mwaka duniani.

Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na akitembea kando ya barabara pua yake iko karibu na kimo cha bomba la moshi. Kwa mama mjamzito, vumbi laini huongeza uwezekano wa kujifungua mtoto njiti au mwenye uzito pungufu.

Ella Kissi-Debrah alikuwa na umri wa miaka tisa alipofariki London mwaka 2013 kwa pumu kali, akiwa anaishi karibu na barabara yenye msongamano mkubwa. Desemba 2020, baada ya mama yake kudai uchunguzi upya, afisa mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho, na Ella akawa mtu wa kwanza nchini Uingereza kuandikiwa hivyo rasmi. Kwetu cheti kingesema pumu au nimonia, na faili lingefungwa hapo.

Kiwango salama ni kipi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema kwamba wastani wa mwaka wa vumbi laini usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Mwongozo uliotangulia, wa mwaka 2005, uliruhusu 10 kwa mwaka. Kiwango kilishushwa kwa sababu tafiti ziliendelea kuonyesha madhara hata pale ambapo hewa ilidhaniwa kuwa safi. Vipimo vilivyochukuliwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala huwa mara kadhaa juu ya kiwango hicho, na kando ya barabara kuu hali huwa mbaya zaidi kuliko katika mitaa ya ndani. Hata hivyo, hakuna ngazi ambayo chini yake tunaweza kusema hapana madhara, na kwa hiyo kila mikrogramu inayopungua ina faida, hata kama jiji halitafika 5 katika maisha yetu.

Uchafu huu unatoka wapi hasa?

Unatoka kwenye vitu vichache vinavyochomwa karibu nasi, pamoja na vumbi la ardhi.

Tuanze na magari. Magari mengi ya Afrika Mashariki huingia yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na umri pekee hauyafanyi kuwa mabaya. Gari la petroli la miaka kumi lililotunzwa, likiwa na kichujio chake cha moshi, linaweza kutoa moshi safi kuliko bodaboda iliyochoka. Kichujio hicho, ambacho mafundi wa gereji hukiita masega kwa sababu ya matundu yake, kina platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye bei kubwa kiasi kwamba masega hung'olewa na kuuzwa, na mahali pake pakawekwa bomba tupu. Gari huendelea kutembea kama kawaida na mwenyewe haoni tofauti yoyote. Anayeiona ni aliye nyuma yake kwenye foleni, na ukaguzi wa magari unaoishia kwenye taa, breki na matairi hautamgundua mhusika kamwe.

Kwa dizeli mambo ni tofauti kidogo. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia mwaka 2015 kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, hatua kubwa ingawa Ulaya ilikwishafika sehemu 10 tangu 2009. Salfa ikipungua, vichujio vya kisasa vya injini za dizeli huweza kufanya kazi bila kuharibika. Tatizo ni kwamba mafuta yaliboreshwa huku malori na mabasi yakibaki yaleyale: injekta zilizochakaa, filta ya hewa isiyobadilishwa, mzigo uliozidi uwezo, na saa nyingi za kusimama injini ikiwaka kwenye foleni za kuingia na kutoka bandarini au kwenye Barabara ya Mombasa jijini Nairobi.

Kundi la pili ni jiko. Mkaa na kuni huchafua kwanza hewa ya anayepika, kisha ya jirani, na nyumba zinapokuwa maelfu kwa maelfu katika mitaa iliyobanana, moshi wa ndani huwa ndio moshi wa nje.

La tatu ni taka. Pale gari la taka lisipopita, watu huchoma, na takataka za siku hizi si maganda ya ndizi matupu. Zina plastiki, mpira na nyaya, ambazo zikiungua kwa moto mdogo hutoa sumu za kudumu zikiwemo dioksini. Dampo la Dandora, mashariki mwa Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yaliendelea kumwaga humo huku mioto ikifuka yenyewe chini ya rundo. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, ilipunguza kitu kimoja cha kuchomwa, wala si tabia ya kuchoma.

Yapo pia majenereta, viwanda, na vumbi la barabara zisizo na lami pamoja na maeneo ya ujenzi. Vumbi la barabarani lina chembe nene zaidi, kwa hiyo linakera sana kuliko linavyoua, ingawa limechanganyika na unga wa matairi na wa breki.

Kwa nini asubuhi hewa huwa nzito, kisha mchana inapungua?

Kwa kawaida hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, ikapanda na kuchukua moshi kwenda nao juu. Usiku wenye anga tupu ardhi hupoa haraka, na hewa baridi hulala chini ikiwa imefunikwa na tabaka la hewa yenye joto, kama sufuria iliyofunikwa mfuniko. Moshi wa majiko ya alfajiri na wa magari ya kwenda kazini hubaki ndani ya sufuria hiyo mpaka jua lipande. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huipata hali hii sana katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti. Dar es Salaam ina bahati ya bahari, kwani upepo wa mchana kutoka baharini husukuma moshi kuelekea bara, jambo lenye nafuu kwa mkazi wa Masaki, ufukweni, lakini si kwa wa Kimara, upande wa bara. Masika huosha hewa katika majiji yote mawili, na kiangazi cha katikati ya mwaka huleta nyongeza ya moshi wa moto wa mapori kutoka mbali.

Kwa hiyo mpaka wa jiji haumaanishi chochote kwa moshi. Kinachotokea Kibaha huvutwa Dar es Salaam, na cha Mavoko na Kiambu huvutwa Nairobi, lakini kila eneo lina ofisi yake, bajeti yake na mwanasiasa wake.

Programu ya simu inanionyesha namba ya ubora wa hewa. Niiamini?

Iamini kwa tahadhari. Kwanza, namba hiyo huwa ni faharasa, yaani alama inayokokotolewa kutokana na vipimo, si kipimo chenyewe, na kila nchi ina kanuni yake ya kuikokotoa. 80 ya kanuni ya Marekani si sawa na 80 ya kanuni ya India, na Marekani yenyewe ilibadilisha ngazi zake mwaka 2024. Ukiweza, fungua sehemu inayoonyesha mikrogramu, kwa kuwa hizo hazina uraia.

Pili, uliza namba imetoka wapi. Baadhi ya programu hukadiria kutokana na setilaiti na hesabu za kompyuta, bila kifaa chochote mtaani kwako. Nyingine hutumia vifaa vidogo vya bei nafuu ambavyo humulika hewa kwa leza na kuhesabu chembe kwa jinsi zinavyotawanya mwanga. Vifaa hivyo vina manufaa makubwa, lakini unyevu ukiwa mwingi chembe huvimba kwa maji na kifaa huzihesabu kuwa kubwa kuliko zilivyo, kasoro inayojitokeza sana pwani na ambayo hurekebishwa kwa kukilinganisha kifaa na mtambo wa kisayansi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umefanya kazi hiyo Kampala, ukitengeneza vifaa vinavyostahimili vumbi, joto na kukatika kwa umeme, na baadaye ukavipeleka katika majiji mengine ya Afrika.

Kwa miaka kadhaa wengi walitegemea mitambo iliyowekwa kwenye balozi za Marekani, ukiwemo ule wa Kampala. Machi 2025 serikali ya Marekani iliacha kutoa vipimo hivyo kwa umma. Mtu anaweza kulaumu uamuzi huo, lakini swali gumu zaidi ni kwa nini jiji la mamilioni ya watu lilitegemea kipimo cha mgeni kujua linavuta nini.

Je, lipo jiji lililowahi kusafisha hewa yake, au ni ndoto?

Yapo, na mfano ulio karibu zaidi ni sisi wenyewe. Petroli iliwahi kuchanganywa na risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imetoka katika petroli ya eneo hili lote. Haikuhitajika kila dereva abadilishe tabia, kwani viwango vya mafuta vilibadilishwa na waagizaji wakafuata. Algeria ilipomaliza akiba yake Julai 2021, dunia nzima ikawa imeachana nayo.

London ilipata somo kwa njia chungu. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe ulilala juu ya jiji, na vifo vilivyohesabiwa awali vilikuwa kama 4,000, idadi ambayo makadirio ya baadaye yameifikisha hata 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 haikuishia viwandani. Iligusa pia meko ya majumbani, kwa kutenga maeneo yasiyoruhusiwa moshi na kuwasaidia wenye nyumba kulipia mabadiliko. Anayedhani kwamba suala la majiko ni la akina mama wa Afrika peke yao na asome historia hiyo.

Beijing ilikuwa na wastani wa mwaka wa karibu mikrogramu 90 za vumbi laini mwaka 2013. Mpango uliotangazwa mwaka huo ulipunguza makaa ya mawe katika majiko, viwanda na mitambo ya umeme, ukakaza viwango vya magari, na ukaihusisha mikoa inayoizunguka, kwa kuwa moshi mwingi ulikuwa unatoka nje ya jiji. Mwaka 2021 wastani ulifika 33. Hiyo bado ni juu sana ya 5, lakini ilichukua miaka minane tu.

Mwendokasi na pikipiki za umeme zinasaidia kweli?

Mwendokasi wa Dar es Salaam, yaani mabasi marefu yenye njia yake, ulianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Basi moja refu lililojaa, hata likiwa la dizeli, hutoa moshi mdogo kwa kila abiria kuliko daladala kadhaa zinazosukumana, na kwa sababu lina njia yake halikai kwenye foleni. Faida hiyo hudumu kadiri mabasi yanavyotosha na kufanyiwa matengenezo. Abiria aliyesubiri saa nzima kituoni hununua bodaboda, na hesabu yote inageuka.

Pikipiki ya umeme haitoi moshi mtaani. Wapo wanaosema inauhamishia tu kwenye mtambo wa umeme, hoja yenye nguvu katika nchi inayochoma makaa ya mawe, lakini dhaifu Kenya, ambako karibu asilimia 90 ya umeme hutoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua. Kwa kuwa bodaboda hutembea kutwa nzima, kubadilisha moja kuna faida kubwa kuliko kubadilisha gari la mtu linalolala maegeshoni. Gesi asilia inayotumiwa na baadhi ya bajaji na teksi za Dar es Salaam hutoa vumbi laini kidogo sana ikilinganishwa na dizeli, ingawa si safi kama umeme.

Kuhusu umri wa magari, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda imeweka kikomo cha 15, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani. Hatua hizi hushughulikia mlango wa bandari. Gari likishaingia, kinachohitajika ni kupimwa moshi kila mwaka, na hapo ndipo nchi zetu zimekuwa legevu.

Gesi ya kupikia ni ghali. Nifanyeje?

Ni ghali kwa namna yake: mkaa hununuliwa kwa kopo kila siku, ilhali gesi hudai fedha za mtungi mzima kwa mkupuo, na mtu wa kipato cha siku hawezi kukwepa hesabu hiyo kwa kuhubiriwa. Kwa hiyo kodi na bei ni sera za hewa safi. Kenya ilipoirudishia gesi kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 Julai 2021, bei ilipanda na wengine wakarudi kwenye mkaa na mafuta ya taa. Kodi hiyo ilipunguzwa mwaka uliofuata na kuondolewa mwaka 2023. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, baada ya kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa.

Kwa nyumba moja moja, hatua ya kwanza yenye faida ni kuhamisha vyakula vinavyopikwa muda mrefu, kama maharage na makande, kwenda kwenye jiko la umeme la presha, ambalo hutumia umeme mchache kuliko watu wanavyohofia. Kama mkaa haukwepeki, uwashie nje hadi moshi uishe, upikie penye upenyo wa hewa, na usilale nalo jiko ndani kwa sababu yoyote ile.

Barakoa na miti vinasaidia?

Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Ile ya kiwango cha N95, ikikaza vizuri usoni, huzuia sehemu kubwa, lakini dereva wa bodaboda hawezi kuivaa saa kumi na mbili kwa siku. Miti huleta kivuli, hupunguza joto na hunasa vumbi kiasi kwenye majani, lakini haiwezi kuyashinda malori, na ikipandwa kwa msongamano katika barabara nyembamba huweza hata kuzuia upepo usiondoe moshi. Ipandwe kwa sababu nyingine nyingi njema.

Umbali husaidia kuliko vyote viwili. Moshi wa magari hupungua sana ndani ya mita 150 hadi 300 kutoka barabara kuu, kwa hiyo kupita uchochoroni badala ya barabarani, kumweka mtoto chumba cha nyuma, na kujenga shule mbali kidogo na barabara kuu ni mambo yanayopimika.

Jirani anachoma taka, au kiwanda kinatufukizia. Nimlalamikie nani?

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Anza na ofisi ya serikali ya mtaa na afisa afya wa kata. Suala la kiwanda lipeleke pia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kenya, udhibiti wa hewa chafu ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika.

Haki hiyo imewahi kutumika. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichokuwa mtaani kwao, walifungua kesi pamoja na mwanaharakati Phyllis Omido. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Kilichowabeba kilikuwa ni vipimo vya damu na vya udongo, si harufu wala hasira. Kwa hiyo unapolalamika, andika tarehe, saa, upepo ulikokuwa unaelekea na nani aliugua, piga picha, wasilisha barua kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.